"Ana kifua": mgonjwa, msiri au mbeba vyuma?

#1 Mwana Pangani
Wakuu, za jioni.

Kwenye posa ya ndugu yangu huku Tanga, bibi mmoja wa upande wa binti alimuuliza mshenga wetu, "Huyo kijana wenu ana kifua?" Mshenga ni mtu wa Shinyanga, Kiswahili chake cha kazini. Akadakia, "Hapana mama, hana kifua kabisa! Mzima, hata kukohoa hakohoi." Wamama wakatazamana. Mmoja akasema "Haya," ile haya ya kushusha pumzi. Kumbe waliuliza kama kijana anaweza kukaa na siri za ndani. Mjomba ilibidi aingilie kati kabla mahari haijapanda.

Hoja yangu: kifua ni kiungo, kifua ni ugonjwa, kifua ni usiri, kifua ni majivuno. Neno moja. Mimi nadai maana ya usiri ndiyo changa kuliko zote na ni ya watu wa pwani tu, bara waliipokea. Na swali la nyongeza: kwa nini kifua na si tumbo, wakati tumbo ndilo linaloweka vitu?

Nawasilisha.

#2 Kiti cha Mbele
Nimekaa pale. Wajuzi waje.

#3 Nesi wa Zamu
Msimlaumu mshenga. Wodini "ana kifua" ni ugonjwa, basi. Tabu ni kwamba ni ugonjwa upi. Mama anaingia na mtoto mgongoni, "Nesi, mwanangu ana kifua." Hapo sijajua bado kama ni mafua yaliyoshuka, pumu, nimonia au kikohozi cha vumbi. Kwa hiyo sibishani na neno, namwambia amvue mtoto shati nitazame kifua chenyewe kinavyopanda na kushuka. Nahesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii. Wa miezi 2 hadi 12 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika mara 40 au zaidi, hiyo ni pumzi ya haraka, na tunaanza kufikiria nimonia. Na kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila akivuta pumzi, msikae nyumbani mkimchua mafuta ya nazi, mleteni.

Endeleeni na mahari.

#4 Kombo Mkavu
Mwana Pangani, kwenye pwani umepatia, ila hukusema imetoka wapi. Imetoka msikitini. Fungua tafsiri yoyote ya Qurani kwa Kiswahili, utakuta kila mahali Mwenyezi Mungu ni Mjuzi wa "yaliyomo vifuani". Si vichwani, si matumboni. Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni alianza kwa kuomba akunjuliwe kifua, sura ya 20 aya ya 25, na sura ya 94 nzima inafunguliwa na habari ya kifua kukunjuliwa. Mtoto wa chuoni anaikariri hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kwa karne na karne watu wa pwani wamesikia kwamba mahali pa siri ni kifuani. Wakasema basi, fulani ana kifua. Sioni pa kubishana.

#5 Bucha la Kona
#4 kwa hiyo sisi tusiopita chuoni siri tunaweka wapi, mfukoni?

#6 Katekista Mstaafu
Ndugu Kombo, salaam. Kifua hata huku kwetu kipo. Yohana sura ya 13, kwenye karamu ya mwisho, mwanafunzi aliyependwa ndiye ameegemea kifuani pa Yesu, na Petro anamwashiria yeye aulize nani msaliti. Tazama vizuri: mwenye nafasi ya kifuani ndiye aliyefikiwa na siri. Sidai kwamba usemi umetokea hapo. Nasema tu kwamba ukitafuta kwenye vitabu utaipata kila dini, na hapo hoja yako inapungua uzito.

Ila mimi kilichonivuta kwenye mada ni kingine. Kupiga kifua. Luka 18, mtoza ushuru amesimama mbali, hata macho hainui, anajipigapiga kifua akiomba rehema. Ni toba. Kanisani tunafanya vilevile kwenye "nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana". Toka nje ya kanisa ununue gazeti, "fulani apiga kifua" maana yake anajitapa. Imekuwaje tendo lile lile likawa unyenyekevu na majivuno?

#7 Chuma Cha Mtaa
Nyie wote mmechelewa. Kupiga kifua ni Jumatatu. Benchi zote zimejaa, ukitaka chuma unasubiri kwenye foleni. Jumanne mgongo, Jumatano miguu (watu wanaugua ghafla siku hiyo).

#8 Binti Msasani
Sasa #6 na #7 mmenikumbusha kaka yangu. Alimtumia mama ujumbe Jumatatu asubuhi: "Siji mchana, napiga kifua." Mama yangu ni mtu wa jumuiya, akajibu, "Mungu akupokee mwanangu, ulikosa nini?" Mpaka leo wanataniana.

Na kuhusu siri: mimi nina rafiki hana kifua hata cha kuazima. Nilimwambia nina mimba kabla sijamwambia mume, jioni shemeji ananipongeza. Alimwaga mtama kwenye kuku wengi. Nilipomuuliza akasema, "Ilikuwa inanikaba." INANIKABA. Aligusa hapa chini ya shingo. Nadhani hilo ndilo jibu la Mwana Pangani, hakuna haja ya msahafu wala Injili. Neno usilotakiwa kulisema unalihisi kifuani, linakuja mpaka kooni linarudi. Mwenye kifua ni yule ambaye likirudi linakaa.

#9 Mama Watatu
#8 umesema. Na tumbo haliwezi kutumika kwa siri kwa sababu tumbo halitunzi. Kikiingia tumboni kitatoka tu, juu au chini. Ndiyo maana mtu akibanwa polisi akasema yote tunasema "ametapika".

#10 Bucha la Kona
Mama Watatu, watu tunakula muda huu.

#11 Nyundo Nzito
Mnazunguka. Neno lenyewe linajieleza: ki-fua, kutoka kufua. Mfua chuma anatumia mivukuto kupuliza moto, na mapafu yanafanya kazi hiyo hiyo ndani ya mwili. Kifua ni mahali panapofua. Tena angalia moyo unavyogonga. Kugonga ndiko kufua. Wahunzi wa zamani ndio waliolipa jina.

#12 Mzee wa Misamiati
#11 inapendeza lakini haisimami. Kiswahili kilidondosha konsonanti nyingi katikati ya maneno, kwa hiyo maneno mawili yaliyokuwa tofauti yakaishia kufanana. Ukitaka kujua, waulize majirani ambao hawakudondosha. Kichewa cha Malawi: kifua ni *chifuwa*. Kufua chuma ni *kusula*. Yangekuwa ya mzizi mmoja yangebaki na sura moja huko, na hayafanani hata kidogo. Luganda kifua ni *ekifuba*. Hiyo *b* ndiyo iliyotutoroka sisi.

Na hiyo hiyo *chifuwa* ya Malawi ni kikohozi pia. Kwa hiyo Nesi, maana yako ya wodini haikuanzia wodini, ni ya zamani na imeenea.

#13 Nyundo Nzito
#12 Malawi ndio wanatufundisha Kiswahili siku hizi? Kufua nguo unapiga, kufua chuma unapiga, kifua unapiga. Mimi nabaki hapo.

#14 Mtu wa Durban
Nimesoma mpaka hapa nacheka peke yangu kwenye basi. Mwana Pangani na Kombo, njooni huku kusini niwaonyeshe kitu.

Nilipoanza kazi hapa, mama mmoja Mzulu alikuwa akimsifia kijana wa stoo: "Unesifuba." *Isifuba* ni kifua, nilishajua hilo. Na pumu wanaiita *isifuba somoya*, TB wanaiita *isifo sofuba*. Nikajisemea, masikini kijana, na vumbi lote hili la stoo, atapona kweli? Nikawa namsaidia kubeba maboksi. Baadaye nikauliza vizuri, nikaambiwa maana yake ni mtu wa kuaminika na siri, ukimwambia neno limefika mwisho. Waxhosa nao wanasema vilevile. Yaani yaliyomkuta mshenga wa Tanga yamenikuta mimi Durban, kwa Kizulu.

Sasa Kombo: Wazulu na Waxhosa hawakukariri sura ya 94. Na Mwana Pangani: huku si pwani ya Waswahili. Hii maana ni ya Kibantu, ya zamani, pengine kongwe sawa na ile ya ugonjwa.

#15 Kiti cha Mbele
Duh. Kombo Mkavu njoo uchukue mzigo wako.

#16 Kombo Mkavu
Sikimbii. Kwamba neno kifua ni la Kibantu sijabisha tangu mwanzo. Nazungumzia matumizi ya usiri kwa Waswahili. Jambo moja linaweza kuota sehemu mbili bila mmoja kumwiga mwenziwe. Ufunguo na kufuli viko kila nchi, haina maana vimetoka kwa mhunzi mmoja. Wazulu wana yao, sisi tuna yetu, na yetu imelelewa na chuo. Nitajie utenzi au mtu mzima wa bara aliyekuwa akisema "ana kifua" kwa maana hiyo kabla ya dini kufika.

#17 Mtu wa Durban
Kabla ya dini kufika bara hakukuwa na mtu wa kuandika. Umeniwekea mtego mzuri, mzee wangu.

#18 Mngoni Halisi
Jibu liko wazi hamlitaki tu. Wangoni! Zwangendaba alivuka Zambezi mwaka 1835 akitoka huko huko kusini kwa Wazulu, watu wake wakapanda mpaka Ufipa, wengine wakaingia Songea. Walikuja na *isifuba* yao. Kutoka Songea usemi ukashuka Kilwa na Lindi kwa njia za biashara, pwani wakaupokea. Yaani Waswahili ndio waliofundishwa. Kombo pole.

#19 Mzee wa Misamiati
#18 historia ya kuvuka umeipatia, lugha sasa. Kingoni cha Songea leo kiko karibu zaidi na Kimatengo na Kindendeule kuliko Kizulu. Wale wapiganaji walikuwa wachache, walioa wenyeji na watoto wakakua na lugha za mama zao. Watu walioshindwa kuwaachia hata wajukuu wao lugha yao, wakaweza kuipa nahau pwani nzima? Sisemi haiwezekani, lakini utahitaji ushahidi mzito kuliko ramani ya safari.

#20 Mngoni Halisi
Lugha tuliacha, kifua tulibaki nacho.

#21 Ssebo wa Kampala
Basi na sisi mtusikilize. Luganda kama alivyosema mzee ni *ekifuba*, na TB ni *akafuba*, yaani kile kile kifua lakini kimefanywa kidogo. Ninyi mmekiita kikuu, sisi tumekifanya kidogo, ugonjwa ni huo huo. Halafu kuna kitenzi *okufuba*, maana yake kujitahidi, kufanya kwa bidii. Mwalimu wetu shuleni alikuwa akigonga kifua chake akisema *mufube!* Mimi naona *ekifuba* na *okufuba* ni ndugu: kifua ni mahali pa juhudi. Mwenye kifua ni mwenye kuweza. Awe anaweza mzigo, awe anaweza siri.

#22 Mama Watatu
Hii ya Ssebo imeniingia. Kwa sababu sisi Mtwara, nyumbani kwetu, "ana kifua" haikuwa siri tu. Bibi alisema hivyo juu ya mwanamke aliyetukanwa na mawifi, akaitikia salamu, akaendelea kukuna nazi. Kuna siri gani hapo? Wote wamesikia matusi. Ni kuhimili. Siri ni kipande tu cha kuhimili.

#23 Binti Msasani
#22 ngoja, sasa umenikumbusha *kumkingia kifua* mtu. Kila wiki kwenye habari: "waziri amkingia kifua mkurugenzi". Hapo kifua ni ngao. Mishale ya mwenzako unaipokea wewe. Na nadhani siri inaingia hapo: aliyenikingia kifua hawezi kunitangaza. Kwa hiyo nabadilisha, si kukabwa tena, ni ngao.

#24 Chuma Cha Mtaa
Binti Msasani umehama kambi ndani ya saa moja. Huna kifua cha hoja.

#25 Binti Msasani
Na wewe unacho ila ndani hamna kitu 😂

#26 Kipyenga
Mmeiacha ya kwetu watu wa michezo. "Yanga wamekwenda mapumziko wakiwa kifua mbele kwa bao 1-0." Hapo hakuna siri, hakuna kikohozi, hakuna kujitapa. Ni kuongoza tu. Nadhani imetoka kwenye mbio, pale kwenye utepe. Na sheria za riadha ndivyo zilivyo: anayehesabiwa kufika ni yule ambaye kiwiliwili chake kimegusa mstari wa mwisho, si kichwa, si mkono wala mguu. Ndiyo maana mkimbiaji hatua ya mwisho anajirusha na kifua.

#27 Mwana Pangani
#26 nzuri, lakini babu yangu alisema "anatembea kifua mbele" na riadha hakuwahi kuiona. Alimsema mtu aliyelipa deni lake lote akawa anapita mbele ya duka la Mhindi bila kuinamisha kichwa. Kifua mbele maana yake huna aibu. Mpira uliichukua huko.

#28 Kipyenga
Au babu alikuwa anasikiliza redio.

#29 Jirani wa Buruburu
Salamu kutoka Nairobi. Hapa kwetu ukisema "niko na kifua" watu wanakusogezea tangawizi na ndimu. Hiyo ya siri tunaielewa ukiisema, lakini kila siku tunatumia ya kukohoa. Na mkumbuke homa yetu si homa yenu. Nikisema niko na homa, nina mafua. Ninyi mnanipeleka kupima malaria. Kwa hiyo msitegemee neno la ugonjwa likae mahali pamoja.

#30 Nesi wa Zamu
#29 na hilo limeshaniletea wagonjwa wa ajabu dirishani.

Narudi kwa #21, kikuu na kidogo. Kifua kikuu ndilo jina linalotusumbua kazini kuliko yote. Mgonjwa ana uvimbe shingoni, tezi zimejaa, tunapima, tunamwambia ni kifua kikuu. Anatuangalia: "Nesi, mimi kifua hakinisumbui, ni shingo." Mwingine ana maumivu ya uti wa mgongo, kibiongo kinaanza, jibu ni hilo hilo. Kisha tunaandika kwenye faili "kifua kikuu cha mifupa". Kifua cha mifupa ya mgongo! Lakini mdudu ni mmoja, yule aliyetangazwa na Robert Koch kule Berlin tarehe 24 Machi 1882, ndiyo maana siku ya kifua kikuu duniani iko Machi 24. Mara nyingi anakaa kwenye mapafu, ila anaweza kukaa karibu popote.

Na kwa kuwa nipo: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda bila sababu, nendeni mkapimwe makohozi. Dawa zipo bila malipo, kwa TB ya kawaida ni miezi 6, na ukianza kujisikia vizuri mwezi wa pili usiache.

#31 Ssebo wa Kampala
Nesi, ni kweli kwamba huko kwenu panya ndio wanapima?

#32 Nesi wa Zamu
Kweli. Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, panya buku wanafunzwa kunusa sampuli za makohozi. Akinusa yenye TB anaganda pale na kukwaruza, anapewa chakula. Anapitia sampuli nyingi kwa dakika chache, kisha maabara inathibitisha zile alizozionyesha. Mgonjwa hapimwi na panya uso kwa uso, msiogope.

#33 Bucha la Kona
Panya ana kifua. Hajawahi kutaja jina la mgonjwa.

#34 Katekista Mstaafu
Nilikuwa nimeuliza kuhusu kupiga kifua, mkaniacha na benchi. Nimekaa nikawaza. Tazameni mkono. Wa toba anakunja ngumi, anagonga polepole upande wa moyo, kichwa kimeinama. Wa majivuno anatumia kiganja, kichwa kiko juu, na sauti lazima isikike. Mkono mmoja unaadhibu, mwingine unatangaza. Kiswahili hakikuona haja ya vitenzi viwili kwa sababu aliyekuwepo aliona mwenyewe.

#35 Mpita Njia 77
Katekista umesahau wa msiba. Mama aliyefiwa hupiga kifua kwa viganja vyote viwili, na siku ya Ashura Mashia wanapiga vifua kumwombolezea Imamu Hussein. Hiyo si toba wala kujitapa.

#36 Kiti cha Mbele
Na gorila? Yeye ndiye baba wa kupiga kifua.

#37 Mzee wa Misamiati
Gorila hapigi kwa ngumi kama kwenye sinema, anapiga kwa viganja vilivyojikunja kidogo, na ule mlio unasafiri mbali msituni. Mwaka 2021 walitoka watafiti waliorekodi gorila wa milimani kule Rwanda, wakaona dume kubwa mlio wake ni mzito zaidi. Yaani wenzake wakisikia tu wanajua ukubwa wake bila kumwona.

#38 Bucha la Kona
Kwa hiyo gorila hajitapi, anatoa taarifa. Tofauti na Chuma Cha Mtaa.

#39 Chuma Cha Mtaa
Njoo Jumatatu.

#40 Msomi wa Mlimani
Nashangaa hakuna aliyetaja Kiingereza. Kwa Kiingereza neno la kifua na neno la sanduku la kuhifadhia vitu ni moja. Ni dhahiri wakoloni na wamisionari ndio walioleta wazo kwamba kifua ni sanduku, unaweka siri humo na kufunga. Sisi tukatafsiri.

#41 Mtu wa Durban
#40 si dhahiri hata kidogo. Kwa Waingereza sanduku ndilo lilitangulia, mwili ukapewa jina la sanduku baadaye, karne ya 16. Kwetu hakuna sanduku lolote linaloitwa kifua, si kwa Kiswahili, si kwa Kizulu, si kwa Luganda. Tungetafsiri tungepata hata kasha moja linaloitwa hivyo.

#42 Msomi wa Mlimani
Wazo linaweza kutafsiriwa bila sanduku lenyewe.

#43 Mama Watatu
Bibi yangu alijua Kiingereza cha "gudi moningi" tu, mwanangu.

#44 Bucha la Kona
Niulize la kazini kwangu. Kwa nini mtu akija hapa hasemi "nipe kifua cha kuku"? Anasema kidari. Ng'ombe pia, mnofu wa hapa mbele ni kidari. Mteja mmoja mgeni aliomba "kifua cha ng'ombe" wenzake wakamwambia ng'ombe anakohoa. Nani alipanga mtu awe na kifua na mnyama awe na kidari?

#45 Kombo Mkavu
Kwetu Unguja kidari ni cha mtu pia, tena wazee walisema "kidari" pale walipotaka kusema kwa heshima, hasa habari ya mwanamke. Kubaki kwa kuku peke yake ni mambo ya chipsi.

#46 Mama Watatu
Kwa hiyo kifua kikapata ugonjwa na siri, kidari kikapata moto wa mkaa. Bucha, kidari kizima shilingi ngapi leo? Usinipigie hesabu ya mfupa.

#47 Bucha la Kona
Njoo PM mama yangu, hapa kuna watu wa Mamlaka ya Mapato.

#48 Mwana Pangani
Wakuu, dai la pwani limepigwa na Mtu wa Durban, nakubali pigo hilo lazima lijibiwe. Lakini Durban na Tanga ni mbali, katikati kuna nchi nzima. Kama ni ya Kibantu ya zamani basi ionekane njiani: Kimakua, Kiyao, Kinyakyusa, Kihehe, Kisukuma. Mshenga wetu wa Shinyanga hakuijua. Hilo nalo ni ushahidi. Kila mtu aulize nyumbani kwao: kwa lugha ya mama, mtu msiri anasemwaje, na kiungo gani kinatajwa?

#49 Kahawa ya Bukoba
Kihaya ni *ekifuba*, sawa na wa Kampala.

#50 Mngoni Halisi
#49 na kwa maana ya siri je? Mnaitumia?

#51 Kahawa ya Bukoba
Sisi tunacho, ila tunakitumia zaidi kwa kupiga.

#52 Mngoni Halisi
😂😂 mtani kakiri mwenyewe. Wanyakyusa mko wapi? Na yeyote mwenye bibi Mmakua aliye hai ampigie simu leo, asisubiri kesho.